Breki za trela zisidandie waya wa taa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, mwanamke, na banda langu liko Kariobangi Light Industries. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka 19, nikimshikia mjomba wangu taa ya kupimia umeme kule Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga kama vibao vinavyosema. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, na wenye pikapu zinazovuta matrela, na wale wanaokagua magari.

Kila mwaka kuanzia Agosti hadi Disemba, harusi na shughuli za mahari zinapopamba moto, naletewa pikapu zilizofungwa trela nyuma. Nyingi hubeba mahema na viti, nyingine jenereta, nyingine matangi ya maji. Baadhi ya matrela hayo yameundwa na wachomeleaji wetu kwa ekseli ya gari kuukuu na hayana breki hata moja. Mwenyewe anategemea breki za pikapu zishike mizigo miwili. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2 za maji peke yake, kabla hujahesabu chuma kilicholibeba. Hayo nitayagusa baadaye. Yanayonisumbua zaidi ni yale matrela mazuri yaliyotoka ng'ambo yakiwa na breki za umeme, kisha fundi wa hapa akaziunganisha vibaya. Nayajua vizuri, kwa maana la kwanza kuunganishwa vibaya nililoliona niliunganisha mimi.

Ilikuwa mwaka wa 2011, Ijumaa saa tisa alasiri. Aliingia mzee mmoja anayekodisha mahema, na pikapu yake yenye viti vya mbele tu, akivuta trela la ekseli mbili alilouziwa na mgeni aliyekuwa akihama nchi. Magurudumu manne, na kila gurudumu na breki yake. Kesho yake alikuwa na harusi Naivasha: mahema manne pamoja na vyuma vyake, na viti 300.

"Binti yangu," akaniambia, "mwenye trela alisema hizi breki ni za umeme. Zishikishe leo, niteremke nazo kesho alfajiri."

Nikaingia chini ya trela. Niliona waya wa buluu ukigawanyika kuelekea magurudumu yote manne. Nikaugusisha kwenye chanya ya betri, magurudumu yakashika. Nikajiambia: breki hizi zinatakiwa kushika mtu anapokanyaga pedali, na waya unaopata umeme mtu anapokanyaga pedali tayari upo nyuma ya pikapu, ni ule wa taa za breki. Nikauchuna ule wa taa, nikausokotea wa buluu, nikafunga tepu nyeusi. Tukainua trela kwa jeki, kijana wangu akazungusha gurudumu, mzee akakanyaga pedali, gurudumu likasimama papo hapo. Tukapeana mikono. Kazi yote haikufika dakika 40.

Mzee alipita barabara ya chini, ile inayoachana na ya juu pale Rironi na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Alivyonisimulia, kabla hata ya kuanza mteremko alikuwa ameona mambo: akigusa pedali kidogo tu, trela linashika kwa nguvu zake zote, tairi zinalia, pikapu inarushwa nyuma kama imefungwa kamba kwenye mti. Akaona ni heri breki kali kuliko kukosa breki. Akaanza kuteremka. Mahali pa pili au pa tatu pa kukanyaga kwa muda mrefu, trela likaachia ghafla, na mzigo wote ukaja mgongoni kwake. Akakanyaga zaidi. Breki za pikapu zikaanza kunuka, pedali ikawa inazama. Nyuma yake kulikuwa na lori, na dereva wa lori hakuona taa yoyote ikiwaka, kwa hiyo hakupunguza mwendo hadi alipokuwa karibu kumgonga. Mzee akaingiza gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akafika chini karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano, akaingia kwenye changarawe ya kando. Trela likajikunja, likaugonga ubavu wa pikapu. Utingo wake akavunjika mkono.

Jumanne alikuja bandani. Alitoa kitu mfukoni, akakiweka kwenye kiganja changu, akakikunja kiganja kwa mkono wake. Ilikuwa fyuzi ya taa za breki, ya buluu, ya ampea 15. Plastiki ilikuwa imevimba kidogo upande mmoja, na pale katikati ambapo huwa kuna kidaraja chembamba cha chuma palikuwa na nukta nyeusi na vijipembe viwili vilivyoachana. "Fundi, nimekuletea kitu chako," akasema. Kisha akakaa kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa.

Watu wa jirani walisema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, na hesabu yake mtoto wa darasa la sita angeifanya. Ndani ya kila dramu ya breki ya umeme kuna sumaku ya waya uliosokotwa, imeshikwa kwenye mkono wa chuma. Ikipata umeme inanata kwenye uso wa dramu inayozunguka, inakokotwa, na ule mkono unasukuma viatu vya breki vikabana dramu. Umeme ukiwa mwingi breki inakuwa kali, ukiwa kidogo inakuwa laini. Sumaku moja ya trela la aina ile hula takriban ampea 3. Nne ni ampea 12. Taa za breki, mbili za pikapu na mbili za trela, zikiwa na balbu za wati 21, kila moja hula ampea 1 na robo tatu. Zote nne ni ampea 7. Jumla ni ampea 19, zikipita kwenye fyuzi ya ampea 15 na waya mwembamba uliowekwa kiwandani kwa ajili ya balbu peke yake.

Na hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika, kama nilivyodanganyika mimi. Fyuzi ya ampea 15 haikatiki mara moja ikipitishiwa ampea 19. Inapashika moto na kuvumilia, pengine sekunde chache, pengine dakika kadhaa. Ndiyo maana bandani ilifaulu: mzee alikanyaga pedali kwa sekunde mbili, tukafurahi. Mteremko wa Mai Mahiu unakutaka ukanyage tena na tena, na kwa muda mrefu. Fyuzi ikakatika palepale ilipohitajika zaidi, na ilipokatika ilizima breki za trela na taa zote za breki kwa pamoja. Nilimpa mzee mtego.

Kuna wanaosema dawa ni kuongeza fyuzi, uweke ya ampea 30 na mambo yaishe. Nimekuta pikapu mbili zenye "dawa" hiyo. Moja waya wake ulikuwa umeyeyuka ndani ya nguzo ya mlango na kugandana na nyaya nyingine tano. Fyuzi ipo kuulinda waya. Ukiikuza bila kuukuza waya, waya wenyewe ndio unageuka fyuzi.

Tena hata kama waya ungehimili, breki zenyewe zingekuwa hazina adabu. Waya wa taa hujua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Dereva anayegusa pedali kwenye foleni ya Outering anapata breki ileile ya dereva anayeokoa mtoto barabarani. Mvua ikinyesha, magurudumu ya trela yakashikwa yote kwa mara moja, trela linateleza na kuja ubavuni.

Kifaa kinachotakiwa kipo, na kinatoshea kwenye kiganja. Ni kontrola ya breki za trela. Inakaa ndani ya pikapu chini ya dashibodi, inapokea habari kwamba pedali imekanyagwa, kisha inapeleka umeme kwenye sumaku kwa kiasi. Mimi niliijua baada ya mwaka mzima, mteja mmoja alipokuja nayo kutoka Marekani na kijitabu chake, nikakaa nacho usiku kwa tochi ya simu. Mzee wa mahema alitafutiwa ya kwake, nikamfungia bila kumtoza ujira. Tangu hapo sijafunga breki za umeme kwa njia nyingine, na mteja asiyetaka kontrola namrudishia trela lake jinsi lilivyokuja.

Naeleza kazi yenyewe, maana mafundi wengi hawajawahi kuelezwa. Kontrola nyingi za kufunga mwenyewe zina nyaya nne. Mweusi unatoka kwenye chanya ya betri. Mweupe unakwenda kwenye hasi. Mwekundu unachukua habari kwenye swichi ya pedali ya breki. Wa buluu unabeba umeme wa breki kwenda nyuma kwenye plagi ya trela. Kabla ya kugusa chochote, fungua hasi ya betri. Soma kijitabu cha kontrola uliyo nayo, maana si kila kiwanda kinafuata rangi hizo.

Ule mwekundu ndio pekee unaogusana na mfumo wa taa, na hauchukui mzigo, unapokea habari tu. Lakini swichi ya pedali ina upande wenye umeme saa zote na upande unaopata umeme pedali ikikanyagwa. Chukua taa ya kupimia, piga magoti chini ya usukani, mtu akukanyagie pedali aachie, akanyage aachie, hadi uupate waya unaowaka na kuzima pamoja na mguu wake. Ukiunganisha upande wenye umeme saa zote, kontrola itadhani dereva amekanyaga breki tangu asubuhi, na sumaku zitaungua kabla hajafika Thika. Kwenye pikapu za miaka ya karibuni ambazo taa zake zinaongozwa na kompyuta, usichune waya wowote kabla ya kujua unapeleka nini.

Mweusi lazima upitie kwenye breka ya umeme iliyofungwa karibu kabisa na betri, ile inayokata umeme ukizidi na kujirudisha yenyewe ikipoa. Trela la ekseli moja au mbili linatosheka na breka ya ampea 20. La ekseli tatu, ampea 30. Fyuzi ya kawaida ikikatika imekatika, na mteremkoni hutapata nafasi ya kusimama ubadilishe.

Mweupe naomba uufikishe kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe. Mafundi tunapenda kupiga skrubu popote kwenye bodi na kusema athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, imepatikana. Ikiwa na kutu au rangi, hapo ndipo breki zinapoanza kuwa na vichwa vyao: leo zinashika, kesho hazishiki, mwenye gari anarudi mara nne na wewe unabadilisha vitu visivyo na hatia. Athi ya trela nayo isitegemee chuma cha kuvutia kilichopakwa grisi. Ipitie kwenye plagi, waya mnene kama ule wa kwenda.

Sasa unene wa waya, maana hapa ndipo wenye magari wananikera na mimi ninawakera. Mteja anaona nimeandika waya wa milimita za mraba 6 kwa mita nyingi, anauliza kwa nini nisitumie ule wa 1.5 ambao uko nyumbani kwake, umebaki kwenye ujenzi. Nampigia hesabu kwenye kipande cha katoni. Kutoka betri hadi magurudumu ya nyuma ya trela ni kama mita 12. Ukipitisha ampea 12 kwenye waya wa shaba wa 1.5, karibu volti 1.7 zinapotelea njiani, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Kwenye waya wa 6 zinapotea kama 0.4. Volti zilizopotea zimegeuka joto la waya, hazikufika kwenye sumaku. Mtu amenunua breki nne, anatumia tatu.

Na kuna ubaya mwingine sokoni. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, zinauzwa kama shaba tupu. Ukishika koili, uzito wake unakwambia, ni nyepesi mno. Mimi hutoa kisu, nakwaruza ncha ya uzi mmoja mbele ya mwenye duka. Ndani kukiwa kweupe, nashukuru naondoka. Wenye maduka wengine wamenizoea, wananiletea kisu wao wenyewe.

Waya wa nyuma upitishe ndani ya chasisi kwenye mpira wa kuukinga, mbali na ekzosi, ubanwe kila baada ya nusu mita au chini ya hapo. Pale unapovuka ukuta wa chuma kutoka kwenye injini kuingia ndani, tundu liwe na mpira wake. Nimetoa waya uliokuwa umekatwa na ukingo wa tundu hadi shaba ikaonekana. Mwenyewe alikuwa amesafiri nao hadi Namanga na kurudi.

Kontrola zenyewe ziko za namna mbili. Za bei nafuu huhesabu muda: ukikanyaga pedali zinaanza na umeme kidogo na kuupandisha taratibu hadi kiwango ulichoweka, iwe umekanyaga kwa hofu au umegusa tu. Za pili zina kihisio ndani kinachojua gari linapunguza mwendo kwa nguvu kiasi gani, nazo hupeleka umeme kulingana na hapo. Kwa foleni zetu na miteremko yetu nashauri hizi za pili, hata kama mtu itabidi ajinyime miezi miwili. Zifungwe imara, zikielekea mbele kama kijitabu kinavyotaka, maana kihisio kilichofungwa kombo kinadhani gari liko mlimani. Na iwe mahali ambapo mkono wa kushoto wa dereva unafika bila kutafuta, isigonge goti.

Kila kontrola nzuri ina kitufe au mpini mdogo wa kushika breki za trela peke yake. Wenye magari, tafadhali wafundisheni madereva wenu mpini huo. Trela likianza kuyumbayumba, kwenye Southern Bypass kwa mfano lori kubwa linapokupita na upepo wake, mguu unataka kukanyaga pedali kwa nguvu. Pikapu ikipungua ghafla, trela linazidi kuisukuma na kuyumba. Achia mafuta, shika ule mpini taratibu, breki za trela zitalivuta lenyewe nyuma na linyooke. Nimewapeleka madereva kadhaa Industrial Area Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, wakajaribu kwa mwendo mdogo. Ni hukohuko ninakopima kiwango cha kontrola: trela likiwa na mzigo wake wa kawaida, tambarare, kilomita 40 kwa saa, unashika mpini. Magurudumu yakijifunga na kuteleza, punguza. Trela likiendelea kukusukuma, ongeza. Mzigo ukibadilika, unapima upya. Viti 300 si sawa na trela tupu linalorudi nyumbani.

Plagi nayo ina hila yake. Kwenye plagi ya duara ya pini saba kwa mpangilio wa Ulaya, waya wa buluu uko pini ya 2 na ni wa taa ya ukungu ya nyuma. Trela la Australia lenye plagi inayofanana nayo lina buluu kwenye pini ya 5, na hiyo ndiyo breki. La Marekani lina plagi ya namna nyingine kabisa. Kwa hiyo fundi anayeunganisha buluu kwa buluu bila kuuliza trela limetoka wapi anaweza kupeleka umeme wa breki kwenye taa. Pima kila pini. Kisha chora karatasi ya mpangilio ulioutumia, uiache kwenye sanduku la dashibodi, ili fundi wa kesho asianze kubahatisha. Na ukikuta trela la Uingereza lenye chuma kinachosukumika pale kwenye kichwa cha kuvutia, hilo mara nyingi hujishika breki kwa msukumo wake lenyewe, halihitaji kontrola. Usimuuzie mtu asichohitaji. Vilevile kontrola ya volti 12 usiifunge kwenye lori la volti 24.

Kitu cha mwisho cha kiufundi ni pini. Trela lenye breki za umeme linatakiwa kuwa na betri yake ndogo na swichi yenye pini, na pini hiyo inafungwa kwa waya wa chuma kwenye pikapu. Trela likichomoka barabarani, pini inang'oka, betri ya trela inashika breki zote na kulisimamisha. Marekani na Australia zinataka breki hizo zishike kwa angalau dakika 15. Hapa ninafungua masanduku na kukuta betri iliyokufa zamani, au hakuna betri kabisa, au ule waya wa pini umefungwa kwenye trela lenyewe, mahali ambapo hautavutwa kamwe. Waya huo unaufunga kwenye chasisi ya pikapu, mbali na minyororo ya kushikia trela. Na kuijaribu ni rahisi: chomoa kwanza plagi ya trela ili umeme usirudi kwenye kontrola, vuta pini, jaribu kulisukuma trela. Likienda, huna breki za dharura.

Hapo ndipo ninapowaomba wakaguzi wa magari, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, inayosimamia mambo haya. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake viwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Trela lina nambari yake ya usajili inayoanza na Z. Ni chombo kamili. Naomba kila trela lenye breki za umeme linapoletwa kukaguliwa, mkaguzi avute ile pini na kujaribu kulisukuma. Halafu afungue kifuniko cha fyuzi aone kama ya taa za breki imekuzwa. Mambo hayo mawili hayachukui dakika tano, hayataki mashine, na yanafichua karibu kila uovu niliousimulia. Na kwa yale matrela ya tani na zaidi yasiyo na breki hata moja, naomba wachomeleaji wetu wakubali kwamba ekseli bila breki ni kazi ambayo haijaisha, wasimkabidhi mteja.

Wenye magari nao, acheni kumwambia fundi "nishikishie tu, nitarudi". Mzee wa mahema hakuwa mtu mbaya, alikuwa na harusi ya watu na muda mfupi, na mimi nilikuwa na njaa ya ile kazi. Yule utingo alikaa miezi mitatu bila kubeba kiti. Alikuwa na watoto wawili. Nilikuwa nikienda kwake Mwiki kila mwisho wa mwezi na kilichopatikana, na mke wake alinipokea kwa chai, jambo ambalo sijui kama mimi ningeliweza.

Mzee bado huniletea trela kila Julai kabla ya msimu. Tunalivua magurudumu, tunaangalia sumaku kama zimelika, tunapima ampea, tunavuta pini. Ile fyuzi ya buluu iko kwenye droo yangu ya vifaa vya kupimia, ndani ya kikopo, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu huishika siku ya kwanza kabla hajashika koleo.

Fundi yeyote anayetaka kuonyeshwa kazi hii aje Light Industries Jumamosi baada ya saa nane, aulize banda la mama wa umeme. Simtozi kitu. Aje na taa yake ya kupimia na nguo za kulalia chini ya gari.

Fundi wa umeme wa magari,
Kariobangi, Nairobi